Mdogo wangu anamdhalilisha mwenzake mtandaoni. Je, ni nyumbani alikojifunza?

Kwako Mama Mshauri,

Shikamoo. Mimi ni mtoto wa kwanza katika familia ya watoto wanne, nimeajiriwa kama mhasibu mjini Morogoro, na ninakuandikia kuhusu kitinda mimba wetu, kijana wa miaka 21 anayesoma mwaka wa pili katika chuo kikuu kimoja hapa nchini. Kwa sasa yuko kwangu kwa likizo, na chuo kinakaribia kufunguliwa, ndiyo maana ninaomba unijibu mapema iwezekanavyo.

Mwanzoni mwa mwezi huu simu yangu iliisha chaji nikiwa nazungumza na mama, nikaazima ya mdogo wangu ili tumalizie mazungumzo. Nilipoishika, jumbe zilikuwa zikimiminika juu ya kioo kutoka kwenye ukurasa wa Instagram ambao jina lake si la mtu, na karibu zote zilikuwa za kumpongeza kwa kitu alichokuwa amekiweka mchana ule. Nilifungua. Ukurasa ule ni wake, anauendesha kwa kujificha, na kwa muhula mzima uliopita kazi yake kubwa imekuwa kumdhalilisha binti mmoja anayesoma naye darasa moja.

Kuna sauti ya binti huyo, aliyorekodiwa bila kujua wakati akiwasilisha kazi kwa Kiingereza mbele ya darasa, iliyokatwa pale alipojikwaa na kurudiwarudiwa. Kuna picha yake akiwa msibani kijijini kwao, amejifunga kitenge kilichopauka, na chini yake maneno ambayo sitayaandika hapa. Kuna madai kwamba alama zake za juu anapewa na mhadhiri mmoja kwa sababu za aibu. Kuna pia stika zilizotengenezwa kwa uso wake, mdomo ukiwa wazi, ambazo vijana wenzake huzituma katika kundi la WhatsApp la darasa kila binti huyo anapouliza swali.

Nilimwuliza. Alisema, "Dada, huo ni utani tu, chuoni kila mtu anataniwa." Nilipombana kuhusu mhadhiri, alikiri kwamba hana ushahidi wowote. Kidogokidogo nikapata kisa chenyewe. Walikuwa kundi moja katika kazi ya darasa, yeye hakushiriki, na binti huyo, ambaye ndiye aliyekuwa kiongozi wa kundi, alimweleza mhadhiri ukweli na jina la mdogo wangu likaondolewa kwenye ukurasa wa mbele wa kazi. Alikosa alama, akaangukia mtihani wa marudio katika somo lile, yaani ile wanayoiita supu. Ukurasa ulifunguliwa siku chache baadaye.

Sasa nikueleze jambo linaloninyima usingizi. Zile stika nilizifahamu mara tu nilipoziona, kwa maana nimewahi kuona kitu kama kile nyumbani kwetu. Mdogo wangu alipofanya mtihani wa kidato cha nne alipata F ya Hisabati. Baba yetu, ambaye ni mwalimu mkuu mstaafu, alipiga picha matokeo yale na kuyaweka katika kundi la WhatsApp la ukoo, lenye watu zaidi ya hamsini, akaandika: "Mlinzi wa geti wa baadaye huyu hapa." Watu walicheka. Mjomba wetu alichukua picha ya zamani ya mdogo wangu akiwa analia, akaitengeneza kuwa stika, na mpaka leo mtu yeyote akikosea jambo katika kundi lile hurushiwa uso wa mdogo wangu. Yeye alijiondoa kwenye kundi, akarudishwa, akajiondoa tena, akarudishwa tena na kuambiwa aache kususa kama mtoto wa kike. Chakula cha jioni kwetu kilikuwa ni saa ya baba kusoma makosa ya kila mtoto mbele ya wageni na wenyeji. Mama alikuwa akituambia baadaye, jikoni, kwamba baba anatupenda ndiyo maana anasema.

Nimemweleza mama habari ya ukurasa huu. Amesema ni mambo ya vijana na niachane nayo. Baba hajui, akijua atakata ada au ataitisha kikao cha ukoo. Kwa hasira, mimi mwenyewe nimefikiria kupiga picha za ukurasa ule na kuziweka katika kundi la familia ili naye aionje aibu. Na yule binti, kwa jinsi nilivyosoma jumbe za vijana wale, alijitoa kwenye kundi la darasa na katika wiki za mwisho za muhula hakuonekana tena kwenye vipindi. Waliandika kwamba "amekimbia" na kuweka alama za kicheko.

Je, ni sisi tuliomfanya awe hivi? Kama ndivyo, nitamhukumu kwa haki gani? Na nifanye nini ambacho hakitamharibia masomo?

Dada Mkubwa, Morogoro

*

Marahaba, binti yangu.

Nitaanza na yule msichana, kwa sababu katika barua yako amekuja mwishoni, na katika swali lako la mwisho hayumo kabisa. Umeniuliza namna ya kutomharibia masomo mdogo wako, na ninaielewa huruma ya dada, lakini masomo yaliyokwisha kuharibika ni ya msichana huyo, ambaye ameacha kuingia darasani na huenda usajili ukifunguliwa asirudi. Mwanafunzi aliyejitenga na wenzake ghafla, baada ya miezi ya kuchekwa na watu ambao hawezi kuwatambua, yuko katika hatari ambayo hupaswi kuisubiri ijionyeshe. Kabla hujamaliza wiki hii, piga simu katika ofisi ya mshauri wa wanafunzi ya chuo hicho, mtaje msichana huyo kwa jina, eleza kwamba una sababu ya kuamini kuwa anadhalilishwa mtandaoni na kwamba ameacha vipindi, na uombe mtu amtafute, awe msimamizi wa bweni au mnasihi wa chuo. Hulazimiki kumtaja mdogo wako katika simu hiyo ya kwanza. Unachotafuta ni mtu wa kumbishia hodi msichana huyo na kujua kama anakula, kama analala na kama ana mtu wa kukaa naye.

Kuhusu neno la mdogo wako, kwamba ni utani, na la mama yako, kwamba ni mambo ya vijana, nakuomba usiyakubali hata kidogo. Sisi ni watu wa utani, na tunaujua vizuri. Mtani wako unamjua kwa sura, anakuambia usoni, nawe unamrudishia papo hapo, na siku ya msiba yeye ndiye wa kwanza kufika kukufariji na kukusaidia kazi. Msichana huyu hajui nani anamsema, hana pa kujibu, na picha yake ya msibani, mahali ambapo mtani angekuwa amekuja kumpa pole, imefanywa kuwa kichekesho cha watu wasiomjua marehemu wake. Dan Olweus, aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchunguza uonevu katika shule za Norway na Sweden, aliutambua kwa mambo matatu: nia ya kuumiza, kurudiwa kwake, na mmoja kuwa na nguvu kuliko mwenzake. Yote matatu yamo katika simu uliyoiazima. Sheria yetu nayo haina neno utani. Kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinakataza kumtumia mtu mawasiliano ya kielektroniki kwa nia ya kumlazimisha, kumtisha, kumsumbua au kumsababishia maumivu ya kihisia, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Madai ya uongo kuhusu mhadhiri ni kosa jingine kabisa, na yana mtu wa pili aliyeumizwa. Mdogo wako asijidanganye kwamba jina la bandia litamficha, kwa kuwa laini anayotumia imesajiliwa kwa alama za vidole vyake.

Sasa nije kwenye swali linalokunyima usingizi.

Mwaka 1961, katika Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, Albert Bandura na wenzake waliwachukua watoto wadogo wa shule ya awali, wakawaonyesha mtu mzima akimpiga mwanasesere mkubwa aliyejazwa hewa na kumtolea maneno makali. Baadaye watoto walipoachwa na mwanasesere yule, wengi wao walimpiga kwa namna ileile waliyoiona, na baadhi walitamka maneno yaleyale. Jaribio hilo linasimuliwa mara nyingi ili kuonyesha kwamba watoto huiga wakubwa, na ni kweli, lakini wasimuliaji wengi huiacha sehemu ya katikati, ambayo mimi naiona kuwa ndiyo inayoifaa barua yako. Kabla ya kuachwa na mwanasesere, watoto wale waliudhiwa kwa makusudi: walipewa vitu vizuri vya kuchezea, kisha wakaambiwa visingeruhusiwa kwao. Yaani walikuwa wameona, na kisha wakaudhiwa, ndipo yale waliyoyaona yakatoka mikononi mwao.

Tazama jinsi mambo yalivyofuatana kwa mdogo wako. Nyumbani aliona, tena akiwa ndiye mwenye kutendewa, kwamba kosa la mtu ni mali ya hadhara, kwamba picha ya mtu anayelia inaweza kugeuzwa kuwa stika, na kwamba kundi la watu hamsini likicheka pamoja hakuna anayeulizwa. Alijifunza pia kutoka kwa mama yenu kwamba anayeona uonevu hutulia, kisha huja jikoni kuupa jina la upendo. Hayo alikuwa nayo tayari alipofika chuoni. Kisha akaja msichana mwenye uwezo, akasema ukweli kwa mhadhiri, na kijana wenu akajikuta kwa mara nyingine amefeli mbele za watu. Kilichotoka mikononi mwake ni kile alichokuwa amekiona: stika, aibu ya hadharani, na kicheko cha kundi. Kwa hiyo ndiyo, binti yangu, nyumba yenu imo katika jambo hili, na sitakufariji kwa kusema vinginevyo. Wanaochunguza uonevu wa mtandaoni wamekuta mara nyingi kwamba mtu mmoja huwa mwonewa na mwonevu kwa wakati wake.

Lakini uliyeandika barua hii umekulia katika nyumba ileile. Umekaa katika mlo uleule wa jioni, umesomewa makosa yako mbele ya wageni walewale, na ulipoiona stika ya msichana yule ulishtuka. Watoto wawili wa kati nao hujanieleza kwamba wanamtesa mtu. Nyumba ilimpa mdogo wako ujuzi na mazoea. Uamuzi wa kufungua ukurasa, kuutafutia jina, kumrekodi mtu kwa siri na kutunga uongo kuhusu mhadhiri ni wake mwenyewe, aliufanya akiwa mtu mzima, na aliurudia kwa muhula mzima akiwa na nafasi ya kuacha kila asubuhi. Ukimwambia, "Si kosa lako, ni nyumbani," utakuwa umemnyima jambo la pekee linaloweza kumtoa hapo alipo, yaani kujua kwamba alichagua na kwamba anaweza kuchagua tofauti.

Ninaona mambo matatu yaliyomsukuma, na yote ni ya kwake. La kwanza, kisasi, umelieleza mwenyewe. La pili limo katika kile alichochagua kukicheka. Hakuicheka dini ya msichana wala namna anavyotembea; alichukua sauti yake akijikwaa katika Kiingereza mbele ya darasa na kuirudiarudia. Kijana aliyeitwa mlinzi wa geti wa baadaye mbele ya ukoo wake wote anajua vizuri kuliko mtu yeyote jinsi inavyouma kuonekana mjinga, na bila shaka anaogopa kwamba siku moja atajikwaa yeye. Maadamu darasa linamcheka msichana, halimtazami yeye. Hofu hiyo ina nguvu sana katika vyuo vyetu, ambako wapo vijana wanaofika wakiwa wamebeba matumaini ya ukoo mzima, na supu moja huonekana kama fedheha ya familia.

La tatu ni zile jumbe za pongezi zilizokuwa zikimiminika ulipoishika simu. Fikiria kijana ambaye kwa miaka mingi jina lake lilitajwa kwa kicheko, sasa anaandika jambo mchana na kabla ya jioni watu wamempongeza. Ni mara ya kwanza kundi linacheka kwa upande wake. Kuhusu kujificha, John Suler, mwanasaikolojia wa Marekani, alieleza mwaka 2004 kwamba mtandaoni watu husema na kutenda ambayo wasingeyathubutu ana kwa ana, kwa kuwa hawajulikani, hawaonwi, na hawapo pale mwenzao anapopokea maumivu. Mdogo wako hakumwona msichana yule akiisikiliza sauti yake mwenyewe usiku bwenini. Alichokiona ni alama za kicheko za vijana wenzake. Na hao wanaozituma zile stika wasidhani wako nje ya jambo hili. Kila mmoja anajiona amechangia kidogo tu, na ndiyo maana hakuna hata mmoja wao anayehisi uzito wake.

Wazo lako la kuweka picha za ukurasa katika kundi la familia liache kabisa. Ninaielewa hasira yako, lakini ungekuwa unafanya kile alichofanya baba kwa karatasi ya matokeo, mbele ya hadhira ileile, na mdogo wako angethibitishiwa kwamba duniani kuna watu wa aina mbili tu, wanaocheka na wanaochekwa. Piga picha za skrini, lakini kwa kazi nyingine: zihifadhi zikiwa na tarehe na jina la ukurasa, kwa sababu ni ushahidi wa msichana, na ni yeye atakayeamua kama anautaka. Usimruhusu mdogo wako afute ukurasa usiku mmoja na kudai kwamba mambo yamekwisha. Aache leo hii kuweka jambo jipya, aondoe sauti na picha zisiendelee kutazamwa, na kwenye ukurasa uleule, ambako uongo ulisomwa, aandike wazi kwamba madai kuhusu mhadhiri yalikuwa ya kutunga. Kabla ya kuandika hivyo, apate ushauri wa kisheria, kwa kuwa ni kukiri. Palipo na kitivo cha sheria mara nyingi hupatikana msaada wa bure, na chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 wapo wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa hata nje ya miji mikubwa.

Mazungumzo yenu yafanyike ana kwa ana, mkiwa wawili, simu zikiwa chumba kingine. Usianze na baba wala stika ya mjomba, kwa maana utampa njia ya kutokea. Anza na wiki ile jina lake lilipoondolewa kwenye kazi: alikuwa wapi wenzake walipokuwa wakifanya, alihisi nini alipojua, na alipanga nini. Kaa kimya akijibu. Kisha msomee kwa sauti, bila kuongeza lako, maneno aliyoandika chini ya picha ya msibani, na umwulize marehemu yule alikuwa nani kwa msichana. Kama hajui, na aseme kwamba hajui. Hapo ndipo umweleze kuhusu darasa lililokosa mtu wake. Habari za nyumbani zije baadaye, hata siku nyingine, na zije kwa namna hii: kwamba uliiona stika yake ikizungushwa, kwamba ilikuuma, na kwamba anajua kuliko wengi kile alichomtendea mwenzake.

Kisha kuna kwenda chuoni. Njia iliyo bora kwake na kwa msichana ni aingie mwenyewe katika ofisi ya mshauri wa wanafunzi kabla hajaitwa, aeleze alichofanya, awataje waliokuwa wakizituma stika, na akubali adhabu ya chuo. Huenda akasimamishwa kwa muda. Ni hasara, na inaweza kurekebishika kwa muhula mmoja au miwili, jambo ambalo siwezi kulisema kuhusu hukumu ya jinai. Asimfuate msichana kwa simu, kwa ujumbe, wala kwa kumvizia nje ya ukumbi wa mihadhara ili kuomba msamaha. Kila salamu yake kwa sasa ni tishio jingine. Aandike barua, aikabidhi ofisini, na msichana aisome au asiisome. Familia yako nayo isikimbilie kijijini kwa wazazi wake na wazee wawili na mfuko wa sukari ili jambo limalizwe kifamilia. Nimeona mara nyingi suluhu za namna hiyo zikimwacha aliyeumizwa akiwa amezungukwa na watu wazima wanaomtaka asamehe kabla jua halijazama. Akitaka kwenda polisi, kwenye dawati la jinsia na watoto, ni haki yake, na wewe uliyehifadhi ushahidi umkabidhi.

Kwa baba, ninakushauri asijulishwe na wewe, bali na kijana mwenyewe, akiwa tayari ametoka chuoni kujieleza, ili baba akute hatua zimeanza na asiwe na la kuharibu kwa hasira. Hukuniambia kama baba yako ana dada. Kama anaye, mpitie kwanza, kwa kuwa katika familia nyingi shangazi ndiye mtu anayeweza kumwambia mwalimu mkuu mstaafu jambo ambalo watoto wake hawawezi kumwambia. Baba asielezwe kwamba alikuwa mkali kupita kiasi, kwa maana atajitetea kwa ukali wake na atakuwa na hoja. Tangu miaka ya 1960 Diana Baumrind, mwanasaikolojia wa Marekani, alionyesha kwamba wazazi wanaodai mengi kwa watoto wao na wakati huohuo kuwasikiliza na kuwapa sababu hulea vizuri kuliko wale wanaoamuru tu na wale wanaoachia kila kitu. Kudai mtoto afaulu Hisabati si kosa. Kilichomwumiza kijana ni kwamba kufeli kwake kulipelekwa sokoni, na hilo baba anaweza kuelewa akiulizwa na dada yake kama yeye, akiwa mwalimu mkuu, angekubali matokeo ya kazi yake yasomwe hivyo mbele ya walimu waliokuwa chini yake. Akikata ada kwa hasira, jaribu kumwomba muda kupitia shangazi huyohuyo.

Mjomba aifute ile stika, na aliyeihifadhi katika simu yake aifute pia. Mwombe kwa simu, si katika kundi, na akicheka mwombe tena. Mama naye anastahili mazungumzo ya peke yake, yasiyo ya lawama, kwa sababu nadhani amekuwa akiwatafsiria maneno ya baba kwa miaka mingi kwa kuwa hakuwa na njia nyingine ya kuwalinda.

Inawezekana mdogo wako atakataa yote haya. Atasema utamharibia maisha, atalia, au atanyamaza siku nzima. Mpe mpaka siku ya usajili, umwambie hivyo bila kumtisha, na umwambie pia kwamba utamsindikiza mpaka mlangoni mwa ofisi ile na utamsubiri nje. Siku hiyo ikipita na hajakwenda, nenda wewe na picha ulizohifadhi. Atakuchukia kwa muda, nami sitakuficha kwamba muda huo unaweza kuwa mrefu. Vyovyote itakavyokuwa, mtafutie mnasihi, hata kama amesimamishwa na yuko nyumbani, kwa sababu ukurasa ukishafungwa bado atabaki na hofu yake ya kuchekwa, na mitihani ya marudio bado ipo mbele yake.

Ukishapiga simu ile ya kwanza chuoni, niandikie unijulishe kama msichana amepatikana.

Mama Mshauri